Ruzuku za kuboresha viwanja vya wazi mtaani: hela ya kujenga utapata, ya kufagia nani atakupa?

mchora_andiko (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Meseji ninazopata kila mara ni za aina moja: kikundi cha vijana au kina mama kina eneo la wazi mtaani, limejaa taka na madimbwi, wanataka liwe na viti, taa, bembea za watoto, miti miwili mitatu ya kivuli, na kuna mtu kawaambia wazungu wanatoa hela za vitu hivyo, basi "kaka tusaidie andiko", yaani ombi la mradi la kupeleka kwa mfadhili. Nimeona niandike hapa mara moja ili nikiulizwa tena natuma linki tu.

Kazi yangu ni kuandikia vikundi maandiko, Dar na Pwani zaidi. Mimi sio mfadhili, sina mfuko wowote, kwahiyo msinitumie namba za akaunti inbox 😂

Hela yenyewe ipo na sio siri. Ubalozi wa Japani wana ule mpango wa GGP, misaada ya ngazi ya chini kabisa, kwa miaka mingi kawaida mwisho wake ulikuwa yen milioni 10, umejenga sana madarasa, vyoo na visima lakini eneo la jamii nalo linaweza kuingia ukilieleza vizuri. Wakanada wana CFLI, Waaustralia wana DAP, hizi ni hela ndogo ndogo za balozi zao na dirisha likifunguliwa halikai wazi muda mrefu. UNDP, shirika la UN la maendeleo, wanasimamia ruzuku ndogo za GEF Small Grants tangu 1992, kwa miaka mingi mwisho ulikuwa dola 50,000 kwa mradi, ila hiyo ni ya mazingira, kwahiyo ukienda na habari za viti na bembea hawatakuelewa, nenda na mfereji, miti na taka, viti vitaingia kwa mlango wa nyuma. UN-Habitat, shirika la UN la makazi, wana programu ya maeneo ya umma kabisa, ilianza 2012, na mwaka huo huo wakaungana na Mojang wale wenye gemu ya Minecraft (baadaye Microsoft wakainunua Mojang), ikazaliwa Block by Block, wakazi wanakaa kwenye kompyuta wanajenga eneo lao ndani ya gemu halafu wataalamu wanalichora kweli. Ukitaka ya kuanzia tu bila makaratasi mengi kuna Awesome Foundation, ilianzia Boston 2009, wanatoa dola 1,000 basi, hawadai hisa wala ripoti nene. Wamarekani walikuwa na Self-Help ya balozi, lakini kwa yaliyotokea 2025 kwenye misaada yao mimi siweki bajeti hapo mpaka nione tangazo lenyewe kwa macho yangu.

Sasa huko kote, soma masharti yao. Karibu wote wanalipia zege, nondo, taa, miche. Hawalipi mlinzi. Hawalipi mfagiaji, hawalipi bili ya maji, hawalipi bembea ikikatika mwaka wa pili. Halafu kwenye fomu kuna kisanduku kidogo mwishoni kinauliza uendelevu, watu wanajaza "jamii itatunza mradi" na kuendelea na maisha yao. Jamii gani? Jina lake nani? Analipwa na nini?

Msimamo wangu ni kwamba andiko la eneo la wazi liandikwe kutokea kwenye hicho kisanduku. Anza na nani atafagia na atalipwa kutoka wapi, ukipata jibu la kweli ndio uchore viti. Na kabla ya hapo kuna swali la ardhi, hilo nalo limeua miradi mingi. Karibuni.

temeke_kwetu

Mkuu uzi mzuri sana. Sisi tuna eneo karibu na ofisi ya serikali ya mtaa, vijana tunachezea mpira pale toka wadogo. Mwenyekiti ametuandikia barua kwamba ameturuhusu. Hiyo inatosha kuombea?

mchora_andiko

@temeke_kwetu barua ya mwenyekiti peke yake usiitegemee. Mwenyekiti anachaguliwa, Novemba 2024 tumefanya uchaguzi wa serikali za mitaa na wenyeviti wengi wamebadilika, aliyeingia hajui aliyetoka alikuahidi nini, na huenda aliyetoka hakuacha hata faili mezani. Unachotaka ni muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa, ule wa wakazi wote, uwe na mahudhurio na sahihi, umeandikwa wazi kwamba wakazi wamekubali kikundi fulani kiboreshe eneo fulani. Mtendaji agonge mhuri kwa sababu yeye ni mwajiriwa wa halmashauri. Halafu upande juu, barua ya mkurugenzi, na uende idara ya mipango miji uangalie mchoro wa eneo unasomaje, kama ni eneo la wazi, au ni kiwanja cha shule, au hifadhi ya barabara, au (hii ndio inayoliza watu) tayari ni kiwanja chenye namba na mtu ana hati yake ndani ya droo.

Mpira kuchezwa toka mko wadogo sio umiliki. Profesa Tibaijuka alipotoka kuongoza UN-Habitat akaja kuwa Waziri wa Ardhi alilivalia njuga hili la viwanja vya wazi kuvamiwa Dar, kelele zilikuwa nyingi, na bado mpaka leo tunaongea habari hizo hizo. Sasa chukulia umeweka hela ya Wajapani kwenye kiwanja cha mtu. Wewe ndio umemsafishia.

temeke_kwetu

Duh. Kwahiyo nianzie mipango miji kabla ya andiko?

mchora_andiko

Ndio. Na kikundi kiwe na usajili wa halmashauri, katiba, na akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini angalau watatu. Wafadhili wengi wanataka muwe mmeshafanya kazi kwa muda, kikundi cha wiki iliyopita kinanuka.

base_ya_mtaa_254

Sasa watu wa Bongo. Huku Nairobi hii story ya ardhi tunaijua vizuri. Jeevanjee Gardens ilipewa watu wa Nairobi na Mzee Jeevanjee 1906, iko hapo katikati ya tao, na bado 1991 kuna watu walitaka kuifanya maegesho na maduka, mjukuu wake Zarina Patel akasimama, watu wakaandamana, ikabaki. Na miaka miwili kabla ya hapo Wangari Maathai alikuwa amesimamisha jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Kama bustani zenye jina kubwa namna hiyo zilikuwa zinanyemelewa, hako ka-field kenu bila karatasi ni kitu gani?

Lakini nikuongezee kwa hiyo ya kufagia. Dandora, mtaa wa huku Nairobi, ilijengwa miaka ya 70 kwa ule mradi wa ploti wa Benki ya Dunia, nyumba zimezunguka ua wa pamoja katikati. Hizo ua zikawa jalala na maficho ya wezi. Vijana wa ua mmoja wakaamua kusafisha wenyewe, hakuna ruzuku, hakuna NGO, wakapanda nyasi na miti, wakaweka geti, wakaanza kuwaitisha wakazi ada ndogo ya mwezi ya usafi na ulinzi, na mwenye gari akilaza gari hapo analipa. Ua zingine zikaona wivu zikaiga. Baadaye ndio ikaja mashindano ya Changing Faces, timu za vijana zinashindana nani amebadilisha mahali pake vizuri zaidi, na UN-Habitat wakaingia na Minecraft na barabara moja ya mfano. Yaani pesa ilifuata watu ambao tayari walikuwa wanafagia.

mchora_andiko

@base_ya_mtaa_254 hapo hapo. Na mimi nikiwa naandika andiko, kikundi ambacho tayari kinafanya usafi kila Jumamosi na kina daftari la michango hata ya mia tano mia tano, nusu ya andiko limeshajiandika. Hilo daftari piga picha weka kwenye viambatanisho.

Jicho la Tatu

Naomba niwe mbaya kidogo. Hizi hela zinaliwa tu, mwenyekiti wa kikundi anapaka rangi matairi mawili, anapiga picha na watoto, nyingine anamalizia nyumba ya Chanika. Nimeona kwa macho yangu. Mnapeana maujanja ya kuomba, mbona hamsemi ya kudhibiti?

mchora_andiko

@Jicho la Tatu hujakosea, inatokea. Ndio maana wanatoa kwa awamu, unapewa ya kwanza, unairudishia hesabu na risiti za EFD (mashine ya kodi), ndio unapewa ya pili, na wengine wanataka nukuu za bei kutoka maduka matatu kwa kila kitu kikubwa. Lakini udhibiti wa mfadhili ni wa karatasi. Mimi navishauri vikundi wabandike bajeti nzima ukutani kwa serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, bei kwa bei: mifuko ya saruji mingapi, shilingi ngapi, fundi kalipwa ngapi. Ukibandika hivyo, mama muuza mchicha anajua bei ya saruji kuliko afisa wa ubalozi, atauliza tu. Kuna kikundi kilikataa kubandika, nikaacha kukiandikia, na sijui kwanini walikataa ila nahisi 😅

fundi_zege

Mnaongea makaratasi, ngoja niongee vitu. Nimejenga sehemu kama hizi kadhaa, nawaambia kinachokufa kwanza. Taa za sola za bei chee, zile za kununua Kariakoo boksi moja, msimu wa mvua moja unakula kwako, na nguzo ikiwa fupi betri inaondoka usiku. Weka chache, ndefu, nzuri, uziweke njiani watu wanapopita na mlango wa choo, sio katikati ya uwanja kwa ajili ya picha. Bembea za mnyororo, watu wa chuma chakavu wanakuja kuchukua mnyororo kabla mtoto hajazoea. Viti vya mbao vinaenda kuwa kuni. Kiti mwaga zege hapo hapo, kiwe na kina, watu watalalia, watakalia, watachezea bao juu yake, hakiendi popote. Na kabla ya yote MAJI YANAPITA WAPI. Hii Dar, eneo likiitwa la wazi mara nyingi ni kwa sababu maji yanasimama pale ndio maana hakuna aliyejenga. Usipochimba mfereji kwanza unajenga bwawa lenye viti.

Halafu miti. Kila andiko lina miche mia tano. Nani anamwagilia Septemba? Panda kumi na tano, kila mmoja upewe kaya inayopakana nao.

mchora_andiko

@fundi_zege hapo kwenye miti umenigusa, hiyo namba kubwa ya miche inawekwa kwa sababu mfadhili anapenda namba. Muandikieni namba ndogo na muandikie kwanini, wanaosoma sio wajinga.

mama_lishe_original

Jamani na mimi niseme, maana naona wanaume mnaongea tu. Mimi nauza chakula kwenye eneo la wazi, sitaji wapi. Ulikuja mradi, walitupima, walitupiga picha, walituita kwenye kikao tukala soda. Lilivyokwisha jengwa na kupakwa rangi tukaambiwa pameboreshwa, wenye majiko hawaruhusiwi, tutachafua. Tumehamia barabarani kwenye jua. Pale sasa hivi mchana hapana mtu, usiku ndio wanakaa wale wanaokaa. Sasa hiyo ni jamii gani imeboreshewa?

mchora_andiko

@mama_lishe_original asante mama, hili lilitakiwa liwe kwenye post ya kwanza kabisa. Kuna jamaa mmoja William H. Whyte, miaka ya 70 alikuwa anaweka kamera kwenye viwanja vya New York anaangalia tu watu wanakaa wapi, wanasimama wapi, na alichoona ni kitu mtu yeyote wa kijiweni angekuambia, watu wanakaa palipo na pa kukaa, na chakula kinavuta watu, na watu wanavuta watu. Kutoka kwenye kazi yake ndio ikaanzishwa Project for Public Spaces 1975. Sasa sisi tunaenda kufukuza chakula halafu tunashangaa pamekuwa maficho. Kabla ya kuchora chochote kaeni pale asubuhi, mchana na usiku, siku ya kazi na Jumapili, andikeni nani yupo na anafanya nini. Mama lishe, bodaboda, watoto, wazee wa bao, wacheza drafti. Hao ndio walinzi wenu wa bure. Andiko lisiloonesha wapi majiko yatakaa na moshi utaelekea wapi, mimi nalirudisha.

UrojoMoto

Zenji hapa. Mfano wa chakula kubaki ni Forodhani. Pale palichoka kweli, ukuta wa bahari umeliwa, giza. Aga Khan Trust for Culture wakapajenga upya, pakafunguliwa tena Julai 2009, ukuta, taa, miti, njia za kupita, na wauza mishkaki na urojo na Zanzibar pizza wakabaki kuwa ndio roho ya pale usiku. Ila msijidanganye, ile ni taasisi kubwa yenye hela na kazi ya miaka mingi Mji Mkongwe, haikuwa ruzuku ya kikundi. Na hata hivyo malalamiko ya bei za watalii hayaishi, mwenyeji anakula kwa macho 😂 Kwahiyo mkiweka biashara, andikeni mapema nani anapata nafasi na kodi yake shilingi ngapi, la sivyo wakubwa wanachukua vibanda wanavikodisha.

mbongo_michigan

Huku niliko, jimbo la Michigan, Marekani, wana mtindo ninaoupenda, ulianza 2014. Mtaa unatangaza mradi wake mtandaoni, mfano kichochoro wanataka kukigeuza sehemu ya kukaa, wanachangisha wenyewe, wakifikisha lengo lao wakala wa jimbo unaweka kiasi hicho hicho juu, mpaka dola 50,000. Msipofikisha lengo hampati kitu. Sasa sisi wenye michango ya harusi ya mamilioni tunashindwaje? Halmashauri ingesema changeni milioni tatu tunaweka tatu, watu wangechangia.

Jicho la Tatu

@mbongo_michigan halmashauri hiyo hiyo ambayo mikopo yake ya asilimia 10 ya mapato kwa vijana, wanawake na walemavu ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya upigaji ndio ije iweke hela juu ya mchango wangu? Na ile ni mkopo unarudisha, sio ruzuku, watu wanachanganya. Wewe kaa huko huko.

mbongo_michigan

Haya kaka 😂 lakini wazo la kuchanga kwanza halijafa kwa sababu ya halmashauri.

mchora_andiko

Halijafa, na wafadhili wengi tayari wanadai mchango wa jamii. Tatizo watu wanaandika "nguvu kazi asilimia 20" bila hesabu. Hesabuni kweli: watu thelathini, siku nne za kuchimba mfereji, mara posho ya kibarua ya mtaani kwenu. Inakuwa hela ya kueleweka na wakati wa ripoti mna mahudhurio ya kuonesha.

mwl_mbagala

Barabara inahesabika kama eneo la umma? Shule yetu watoto wanagongwa, tunataka njia ya miguu na matuta.

mchora_andiko

@mwl_mbagala inahesabika kabisa, barabara ndio eneo la umma kubwa kuliko yote tuliyonayo. Na una mfano wa nyumbani, shirika la Amend lilianzishia Dar mradi wao wa SARSAI wa usalama barabarani karibu na shule, wanaweka njia za miguu, matuta, alama, vizuizi kuzunguka shule ambazo watoto wanagongwa sana, 2019 wakachukua tuzo ya kwanza kabisa ya WRI Ross Prize for Cities, dola 250,000. Ila barabara ina mwenyewe, wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, barua yao kwanza, usije ukamwaga tuta usiku.

temeke_kwetu

Narudi kwenye kufagia. Sisi tumefikiria tujenge choo cha kulipia pembeni ya uwanja, hela ya choo ndio ilipe mfagiaji na mlinzi. Imekaaje?

mchora_andiko

Imekaa vizuri na imefanywa. Kibera kuna Kounkuey Design Initiative, wameanza 2006, maeneo yao wanayajenga hivyo: uwanja wa watoto, ukumbi mdogo, daraja au mfereji, na ndani yake kuna vitu vinavyoingiza hela, choo, bafu, maji, sehemu ya kufulia, vibanda, na chama cha wakazi ndio kinaendesha na kutumia mapato kutunza. Nilipowasoma nikaacha kuandika maandiko yasiyo na choo au maji ndani yake.

mama_lishe_original

Choo cha kulipia sawa, lakini mtoto anayecheza pale mia mbili ataitoa wapi? Atajisaidia nyuma ya ukuta wangu. Na bibi wa miaka sabini je? Mkishaweka bei kwenye kila kitu mmejenga eneo la wazi la wenye hela.

base_ya_mtaa_254

Mama amesema ukweli. Huku kuna mahali watoto ni bure, mtu mzima analipa. Lakini mwenye kukaa mlangoni anapiga kelele mapato yameshuka, kila mtu anakuja na mtoto wa kuazima 😂

Jicho la Tatu

Bure kwa watoto, halafu mlinzi halipwi, halafu tunarudi kule kule. Chagueni moja.

mchora_andiko

Sio lazima uchague moja, ni hesabu tu. @temeke_kwetu fanya hivi, kaa pale wikiendi uhesabu wanaume wangapi wanakojoa ukutani, hao ndio wateja wako. Zidisha kwa bei, toa maji, toa sabuni, toa kuvuta choo mara mbili kwa mwaka (hii watu wanaisahau na ndio kubwa), kinachobaki kigawe kwa mshahara wa mtu mmoja. Kama kinatosha na watoto wakiwa bure, andika watoto bure kwenye katiba ya kikundi kabisa, sio kwenye bango. Kama hakitoshi, ongeza kibanda kimoja cha kukodisha au bomba la maji la kuuza ndoo, na mama lishe walipe ushuru mdogo wa usafi kama walivyo tayari kulipa, si ndio mama?

mama_lishe_original

Ushuru tutalipa, tunalipa hata sasa kwa mtu tusiyemjua. Ila tupewe risiti, na kwenye kamati tuwemo wawili.

temeke_kwetu

Wawili nawaandika leo. Jumatatu naenda mipango miji kuangalia mchoro, nikikuta namba ya mtu narudi hapa kulia.

mchora_andiko

Ukikuta namba ya mtu usilie, uliza kama hati ilitolewa kabla au baada ya ramani kuonesha eneo la wazi, halafu rudi na jibu hilo. Na nipigie picha mchoro uonekane vizuri, zile picha za giza za simu sizisomi.